Injini mpya ya gari la spoti: mzigo kwanza, mizunguko baadaye

Msomaji mmoja ameniandikia hivi:

"Shikamoo mhandisi. Wiki iliyopita nilikabidhiwa gari jipya la spoti, la kwanza maishani mwangu: injini ya silinda nne yenye turbo, gia za mkono, nguvu zinakwenda magurudumu ya nyuma. Kitabu chake kinasema kwamba katika kilomita 1,500 za kwanza nisivuke mizunguko 4,000 kwa dakika wala nisikanyage mafuta hadi mwisho. Muuzaji aliponiona nakisoma alicheka, akasema injini za siku hizi hutoka kiwandani zikiwa tayari na maneno hayo yameachwa kitabuni kwa mazoea tu. Rafiki yangu anayeshindana kwa pikipiki anawapinga wote wawili: anasema injini iliyolelewa kwa upole hubaki nzito daima, na kwamba nafasi ya kuibana ni kilomita 30 za mwanzo, baada ya hapo mlango umefungwa. Nimekwisha kutembea kilomita 210. Jana, nikilipita lori, mshale ulifika 5,200 kabla sijabadili gia, na tangu hapo sina raha. Baada ya miezi mitatu ninataka kulipeleka kwenye uwanja wa mbio. Nimsikilize nani?"

Marahaba. Fuata kitabu, lakini ukielewe, kwa sababu mtu anayekifuata bila kukielewa anaweza kutimiza kila sharti lake na bado akaizoeza injini vibaya. Rafiki yako ameshika nusu ya ukweli na muuzaji ameshika robo. Kinachowagonganisha ni kwamba wote wanazungumzia "kuibana injini" kana kwamba ni jambo moja, ilhali ni mambo mawili. Kuna mzigo, yaani nguvu ambayo kila mlipuko ndani ya silinda unaisukumia pistoni. Na kuna mizunguko, yaani krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inazunguka mara ngapi kwa dakika. Unaweza kupanda mlima ukiwa na mzigo mkubwa huku mshale uko kwenye 3,000, na unaweza kuufikisha mshale 6,500 gari likiwa limesimama na gia iko huru, mzigo karibu hakuna. Injini mpya inauhitaji mzigo mapema. Mizunguko mikubwa inaweza kuisubiri. Karibu kila nitakachokueleza kinatokana na tofauti hiyo.

Ukipenyeza kamera ndogo ya mafundi kwenye tundu la plagi na kuchungulia silinda mpya, hutaona uso laini kama kioo. Utaona mistari myembamba inayokatana kwa mshazari, mfano wa mkeka uliosukwa kwa miyaa myembamba kupita kiasi. Mistari hiyo huchorwa kwa makusudi na mawe ya kusugulia, mara nyingi yenye chembe za almasi, yanayozunguka ndani ya silinda huku yakipanda na kushuka. Mabonde ya mistari hutunza oili, na vilima vyake ndivyo vinavyogusana na ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni. Wakati wa kuzoeana, ncha za vilima hukwanguliwa na uso wa ringi nao huliwa kidogo, mpaka viwili hivyo vinapatana duara zima bila kuacha mwanya. Vipimo vyenyewe ni vya mikroni, yaani sehemu za elfu za milimita. Hata nafasi nzima iliyopo kati ya pistoni na ukuta wa silinda, katika injini nyingi za magari, haifikii unene wa karatasi ya kuandikia.

Sasa, ni nini kinachoikandamiza ringi ya juu kwenye ukuta huo? Ringi ina mtanuko wake wa asili, lakini huo peke yake ni mdogo. Kazi kubwa hufanywa na gesi ya mlipuko, ambayo hupenya pembeni mwa ringi, huingia nyuma yake ndani ya mfereji wa pistoni, na kuisukuma kutoka ndani kwenda nje. Kadiri mlipuko unavyokuwa na nguvu ndivyo ringi inavyoukumbatia ukuta. Gari likiendeshwa kwa kuguswa mafuta kidogo kidogo siku nenda siku rudi, ringi huteleza juu ya oili bila kukwangua kitu. Oili inayobaki ukutani hupata joto na kugeuka utando mgumu wa rangi ya kahawia unaong'aa, nao huziba mabonde yale yale yaliyochorwa kwa gharama kiwandani. Silinda ikifika hapo, mara nyingi haizoeleki tena kwa kuendeshwa.

Hapo ndipo rafiki yako alipoipata nusu yake ya ukweli, na anao wenzake wa kuheshimika. Lycoming, watengenezaji wa injini za ndege ndogo, huelekeza kwamba injini zao nyingi zikiwa na silinda mpya zirushwe kwa takriban asilimia 65 hadi 75 ya nguvu zake na zitumie oili ya kawaida ya madini mpaka ulaji wa oili utulie. Rubani anayeionea injini mpya huruma na kuirusha kwa nguvu ndogo ndiye anayehesabiwa kuwa ameiharibu.

Nusu aliyoikosa ni kwamba injini si ringi tu, na kwamba mzigo si mizunguko. Nguvu ya kuivuta pistoni na kuisimamisha kila inapofika juu na chini huongezeka kwa mraba wa mizunguko: ukitoka 3,500 kwenda 7,000 hujazidisha mara mbili, umezidisha mara nne. Chukua pistoni inayosafiri milimita 80 kutoka juu hadi chini. Kwenye mizunguko 7,000 inatembea kwa wastani wa mita 18.7 kwa sekunde, na ndani ya sekunde hiyo moja inasimama kabisa mara 233, ili igeuze njia. Kila inaposimama, utando wa oili chini ya ringi huwa mwembamba kuliko wakati mwingine wowote, kwa sababu utando huo huzaliwa na mwendo wenyewe. Nguvu hiyo yote ya kuvuta na kusimamisha hupita kwenye konrodi, ule mkono unaoiunganisha pistoni na krenki, na beringi zake, ambazo nazo ni mpya, na oili inayozihudumia ndiyo iliyobeba vumbi la chuma linalotokana na ringi, gia na mabaki ya uchongaji. Chujio hunasa sehemu kubwa ya vumbi hilo, si lote. Kwa hiyo kumwambia mtu afikishe mshale mwisho wa geji katika kilomita 30 za kwanza ni kuomba faida ya ringi kwa kuweka rehani kila kitu kingine, ilhali ringi zenyewe zingetosheka na mzigo mzuri kwenye 3,500. Wala hakuna mlango unaofungwa kilomita ya 30. Sehemu kubwa ya kuzoeana hutokea mapema, hilo nakubali, lakini huendelea kwa mamia ya kilomita, na kwako wewe mwenye 210 bado muda upo wa kutosha.

Muuzaji naye nimpe robo yake. Silinda za leo si zile za babu zetu. Mwaka 1967 kampuni ya Mahle ya Ujerumani ilitengeneza Nikasil, tabaka la nikeli lenye chembe ngumu za silikoni kabaidi, kwa ajili ya injini ya Wankel, ile isiyo na pistoni za kupanda na kushuka, na baadaye Porsche wakalitumia kwenye gari lao la mbio la 917 na kwenye 911. Siku hizi injini kadhaa za magari ya spoti, ile ya Nissan GT-R ikiwa mojawapo, huwa na silinda za aluminiamu zilizopuliziwa tabaka jembamba la chuma kwa plazma. Usuguaji wa siku hizi nao huzikata kwa sehemu kubwa ncha kali za vilima kabla injini haijawashwa, hivyo kazi inayobakia kwa dereva ni ndogo kuliko zamani, wakati ambapo madereva wa Uingereza walibandika kwenye kioo cha nyuma kikaratasi cha kuwaomba wengine wawapite kwa sababu injini ilikuwa bado inazoezwa. Viwandani injini nyingi huzungushwa kwa mota ya umeme bila petroli ili kupima shinikizo na msuguano, na chache za bei kubwa huwashwa kabisa kwenye mashine ya kupimia nguvu. Lakini vipimo vya dakika chache hukagua kama injini imeundwa sawasawa. Haviwezi kuchukua nafasi ya mamia ya kilomita. Kama maneno ya kitabuni yangekuwa mazoea tu, Porsche wasingeendelea kutaja kilomita 3,000 na kikomo cha mizunguko kama 4,000, wala BMW wasingeyawekea magari yao ya M kilomita 2,000 za kuzoeza, zikifuatwa na huduma ambayo oili ya injini na ya difu, yaani kasha la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu, hubadilishwa zingali changa. Kizazi cha nane cha Corvette, gari la spoti la Kimarekani, kimekwenda mbali zaidi: kompyuta yake yenyewe hupunguza torki, yaani nguvu ya kuzungusha, katika gia za chini kwa takriban kilomita 800 za kwanza, mmiliki apende asipende.

Tuje barabarani. Jambo la kwanza ni joto, na hapa geji ya maji hukudanganya. Maji hufika joto lake dakika kadhaa kabla ya oili, na ni oili unayoisubiri. Pistoni ni ya aluminiamu, ambayo hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu kwa kiasi kile kile cha joto. Ikiwa baridi bado haijachukua umbo ambalo mhandisi alilikusudia. Kama gari lako lina geji ya joto la oili, subiri ifike nyuzi 80 za Selsiasi. Kama halina, hesabu dakika 10 hadi 15 za mwendo wa kawaida baada ya mshale wa maji kutulia katikati. BMW M5 iliyotoka mwaka 1998 ilikuwa na taa ndogo za njano zilizozunguka geji ya mizunguko, zikizimika moja baada ya nyingine kadiri oili ilivyopata moto, na dereva alijua kwamba taa iwakayo ni mizunguko asiyoruhusiwa bado. Sijui kwa nini watengenezaji wengine hawakuiga jambo hilo lenye akili mapema zaidi. Usilipashe moto gari likiwa limesimama. Washa, acha sekunde 20 au 30 oili ipande, kisha ondoka polepole.

Gari likishapata moto, tafuta barabara ya wazi yenye vilima na magari machache. Weka gia ya tatu, acha mshale ushuke hadi 2,500, kisha bonyeza kanyagio la mafuta taratibu mpaka nusu au zaidi kidogo, ulishikilie hapo mpaka mshale ufike 3,800. Usiende robo tatu kwa kudhani kwamba bado uko mbali na mwisho, kwa sababu katika injini ya turbo kompyuta hutafsiri kanyagio kuwa torki, na nusu ya kanyagio kwenye 3,000 inaweza kuwa imekwisha kukupa sehemu kubwa ya mzigo ambao injini inaweza kuubeba. Ukifika 3,800, ondoa mguu kabisa bila kugusa klachi, uliache gari lizuiwe na injini yenyewe mpaka 2,200 au hapo karibu. Sikiliza: sauti ya injini hubadilika kutoka ngurumo kuwa mluzi mzito, na utahisi mkanda wa kiti ukikushika kifuani. Katika sekunde hizo shinikizo juu ya pistoni limeshuka, ringi zimepumzishwa na oili inapata nafasi ya kupanda na kuosha. Kwenye giaboksi na difu, meno ya gia yanagusana kwa upande wa pili, ule ambao hauguswi unapokanyaga mafuta. Rudia mara nane au kumi, ukiacha kati ya kila moja dakika moja au mbili za mwendo mwepesi ili joto lisambae. Ukifanya hivyo katika safari tatu au nne ndani ya wiki hii, ringi zako zitakuwa zimepata sehemu kubwa ya haki yao, na kikomo cha 4,000 hujakigusa hata mara moja.

Siku nyingine zote endesha kama kawaida, mradi tu usiiache injini kwenye hali moja kwa muda mrefu. Ukiwa kwenye barabara kuu, usiwashe mfumo wa kushikilia mwendo. Panda kutoka 80 hadi 100, shuka hadi 70, badili gia ya tano na ya nne kila baada ya dakika chache hata kama barabara haikulazimishi. Wanaokufuata watakuona dereva asiyejua anachotaka, nawe vumilia.

Kuna kosa moja ambalo madereva waangalifu hulifanya wakidhani wanaihurumia injini, nalo ni kukaa gia ya juu kwenye mizunguko midogo. Gia ya sita, mshale uko 1,400, mlima unakuja, mguu unakanyaga mafuta: hapo injini inabeba mzigo mkubwa ikiwa haina mwendo wa kutosha wa kujenga utando wa oili kwenye beringi. Kwa injini za turbo zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kuna hatari ya ziada, kwa sababu mizunguko midogo ikikutana na mzigo mkubwa, mchanganyiko huweza kuwaka kabla ya cheche ya plagi, na mlipuko wa namna hiyo umewahi kuvunja pistoni na ringi. Shusha gia mbili. Mzigo ninaousifu ni ule wa kuanzia 2,500 kwenda juu.

Kuiacha injini ikinguruma mahali pamoja nako hakuisaidii, na safari fupi za dakika tano humaliza kilomita zako bila kuzoeza chochote, maana injini haijapata moto, petroli ya ziada inateremka kwenye kuta za silinda na kuizimua oili. Kama matumizi yako ya kila siku ni ya namna hiyo, tenga mwisho wa juma kwa safari moja ndefu.

Nilipata kuletewa gari lenye kilomita 9,000 ambalo mwenyewe, mtu mzima mpole, alikuwa amekishika kitabu chake kama msahafu. Hakuwahi kuvuka 3,000, na karibu kila safari ilikuwa ya mjini, foleni na maegesho. Malalamiko yake yalikuwa moshi wa bluu asubuhi na lita moja ya oili kila kilomita 1,200 au karibu na hapo. Tulipopenyeza kamera, ile mistari ya mshazari ilikuwa imefifia kama chata kwenye sarafu ya zamani, na juu ya silinda kulikuwa na mng'ao wa rangi ya asali. Tulipojaza hewa ya shinikizo silinda moja baada ya nyingine, mbili zilivuja kwa sauti ya kusikika kupitia tundu la kujazia oili. Tukamtuma akaendeshe kwa mzigo, kwa utaratibu ule ule niliokueleza, kilomita 800. Ulaji wa oili ulipungua kidogo, haukuisha. Mwishowe injini ilifunguliwa, silinda zikasuguliwa upya na ringi zikawekwa nyingine. Alichoniuliza sikisahau: "Kwani nilivunja sharti gani?" Hakuvunja lolote. Kitabu chake kilimwambia asichofanya, na sehemu iliyosema abadilishe mwendo na mzigo ilikuwa mstari mmoja alioupita.

Kuhusu oili, pima kiwango chake kila unapojaza tangi katika kipindi hiki, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika kumi; kama gari halina kijiti cha kupimia na hutegemea kihisio, fuata utaratibu wa kwenye kioo cha dashibodi. Injini mpya kula oili kidogo si ugonjwa. Baadhi ya watengenezaji wanakubali hadi nusu lita kwa kilomita 1,000, kiasi ambacho mimi nakiona ni cha ukarimu mno, lakini ukiona robo lita imekwenda katika 1,000 za kwanza usianze kutafuta mwanasheria. Kinachotakiwa ni mwelekeo: kiasi kipungue kadiri kilomita zinavyoongezeka.

Oili ya kwanza ningeimwaga kwenye kilomita 1,500 pamoja na chujio, hata kama kitabu hakidai mpaka 10,000 au 15,000, kwa kuwa wewe unaelekea uwanja wa mbio na vumbi la chuma la kuzoeana halina faida likiendelea kuzunguka humo. Kuna hoja ya upande wa pili ambayo si ya kupuuzwa: wapo watengenezaji, Honda miongoni mwao, ambao wamekuwa wakielekeza oili ya kiwandani iachwe mpaka muda wake utimie. Kama kitabu chako kinakataza waziwazi kuimwaga mapema, kitii. Kama kimenyamaza, imwage, uweke ya aina ile ile na daraja lile lile. Usimsikilize atakayekwambia uweke oili ya madini kwanza kwa madai kuwa oili sintetiki huzuia ringi kuzoea. Mfano wa ndege nilioutaja ni wa injini zinazopozwa kwa hewa, zenye nafasi kubwa zaidi kati ya pistoni na silinda, ilhali Corvette imekuwa ikitoka kiwandani na oili sintetiki tangu mwaka 1992 na ringi zake zimezoea bila tabu. Na kama fundi wako ana kikatio cha chujio, mwombe alikate lile la zamani mbele yako. Kunjueni karatasi yake chini ya taa: mng'aro mwepesi wa kijivu, kama unga wa penseli, ni wa kawaida. Pitisha sumaku, unaonaswa ni chuma, unaobaki ni aluminiamu au shaba. Vipande unavyoweza kuvihisi kwa ncha ya kidole ndivyo vya kukusimamisha.

Sehemu nyingine za gari nitazipitia haraka. Klachi ihurumie kwa kilomita 800 za kwanza. Kusiwe na kuondoka kwa kishindo wala kulishikilia gari mlimani kwa kanyagio la klachi. Pedi na diski za breki huhitaji takriban kilomita 200 za kawaida, kisha mfululizo wa kupunguza mwendo kutoka 100 hadi 30 bila kusimama kabisa, ili tabaka la pedi lijipake sawasawa kwenye diski. Tairi mpya huteleza kwa kilomita 200 za mwanzo, na watu wengi hulisahau hilo kwenye kona ya kwanza ya mvua. Difu ndiyo inayosahaulika kuliko zote: gia zake husuguana kwa kuteleza, hupata joto kali katika kilomita za mwanzo, na kama yako ina sahani za kuzuia gurudumu moja kuzunguka bure, nazo zinazoeana. Magari ya nguvu za nyuma yanayokwenda mbioni hufaidika sana oili ya difu ikibadilishwa pamoja na ile ya kwanza ya injini, na ni kazi ya nusu saa.

Ukivuka 1,500 usifungulie yote siku hiyo hiyo. Ongeza kama mizunguko 500 kila baada ya kilomita 150 au 200, ukianza kwa miguso mifupi: fika 4,500, shuka, hatua ijayo fika 5,000, shuka. Ruhusu kukanyaga mafuta hadi mwisho katika gia ya pili na ya tatu kwanza, kwa sekunde chache. Kwa utaratibu huo utafikia mwisho wa geji ukiwa na kilomita kama 2,500, na kwa miezi mitatu uliyojipa hilo linawezekana bila haraka. Nenda uwanjani ukiwa na oili iliyokwisha kubadilishwa, kiwango chake kikiwa karibu na alama ya juu, kwa sababu kona ndefu huisukuma oili upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kuiacha pampu ikimeza hewa. Siku ya kwanza kaa vipindi vya dakika 10 hadi 12 badala ya 20, na mzunguko wa mwisho wa kila kipindi uwe wa polepole, ili turbo ipoe huku oili na maji bado vinapita ndani yake.

Nimalizie na ile 5,200 ya jana. Umesema ulikuwa unalipita lori, maana yake gari lilikuwa limekwisha kutembea. Kama oili ilikuwa imepata moto, umeifanyia injini yako sekunde mbili au tatu za kazi ambayo iliumbwa kuifanya, na kikomo cha 4,000 kimewekwa kwa ajili ya mazoea ya kila siku, hakikukusudiwa mguso mmoja wa dharura. Bora hivyo kuliko kubaki ubavuni mwa lori ukihesabu mizunguko. Kesho asubuhi, kabla ya kuliwasha, pima oili, uandike kiwango chake pamoja na kilomita zilizopo, kisha utafute barabara yenye vilima.